Mahame na Wenyewe: Juu ya Picha za Christopher Payne

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Msemo huu wafaa kuwa kipimo cha kitabu cha picha kiitwacho Asylum, alichokitoa Christopher Payne mwaka 2009. Tangu 2002 hata 2008 mpiga picha huyu, aliyesomea kwanza usanifu wa majengo, alizuru hospitali 70 za wagonjwa wa akili katika majimbo 30 ya Marekani, nyingi zikiwa zimekwisha kuwa mahame.

Picha zake ni nzuri, nao uzuri wake wagutusha. Rangi imebambuka ukutani, viti vimekaa vitupu, ushoroba mrefu waishia gizani. Mtazamaji hushikwa na hofu. Walakini yafaa ajiulize, aogopa nini? Majengo hayo hayakujengwa ili yatishe. Daktari Thomas Kirkbride, ambaye kitabu chake juu ya ujenzi wa hospitali hizo kilitoka mwaka 1854, aliamini kwamba mwanga, hewa safi na bustani ni sehemu ya tiba. Kwa hiyo mabawa ya jengo yalifuatana yakirudi nyuma kidogo kidogo, ili kila wodi ipate upepo na jua. Tumaini hilo lilisongwa na wingi wa watu: mwaka 1955 hospitali za majimbo zilikuwa na wagonjwa zaidi ya 550,000. Baadhi yao walipasuliwa ubongo, tiba ambayo mwasisi wake, Egas Moniz wa Ureno, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Kisha dawa ya kloropromazini ilianza kutumika huko mwaka 1954. Milango ikafunguliwa pole pole, na wengi wakatoka pasipo kuandaliwa mahali pa kwenda.

Ukuta uliobambuka hausemi lolote katika haya. Hapo ndipo ninapomlaumu Payne: vumbi lile lile lafunika tumaini na ukatili, hata mtazamaji asiweze kuvipambanua. Insha ya Oliver Sacks iliyomo kitabuni yaziba sehemu ya pengo hilo, kwa kukumbusha kwamba pamoja na mateso palikuwapo pia hifadhi.

Walakini iko picha moja isiyohitaji mtetezi: miswaki ya wagonjwa wa hospitali ya Hudson River, imetundikwa safu kwa safu. Hofu yageuka huzuni, maana kila mswaki ulikuwa na mwenyewe.

Njia hiyo aliifuata Jon Crispin kwa ukamilifu zaidi. Hospitali ya Willard, New York, ilipofungwa mwaka 1995, masanduku ya wagonjwa zaidi ya 400 yalikutwa darini. Crispin aliyapiga picha moja moja pamoja na vilivyomo. Lakini sheria ya siri za wagonjwa ilimzuia asitaje majina yao kamili. Siri hiyo iliwekwa kwa heshima. Hata hivyo yamwacha marehemu bila jina, kama alivyoachwa alipokuwa hai.

Basi mwenye kuhukumu picha za namna hii asitosheke kuuliza kama zinatisha. Na aulize kama zamrudishia mgonjwa kitu chochote kilichokuwa chake. Kwa kipimo hicho, sanduku moja la Willard lapita shoroba zote za Payne.