Mikumi ya Siku Moja Inainyima Moro Usiku Wake

Safari ya Mikumi ya "kwenda na kurudi siku moja" kwa treni ya SGR imepangwa vibaya, na sitalizunguka jambo hilo. Matangazo yake mnayajua: treni ya asubuhi kutoka Dar, Coaster inasubiri stesheni ya Kihonda hapa Morogoro, hifadhini, chakula cha mchana, treni ya jioni. Treni yenyewe haina lawama, ni safi na ina mwendo.

Kosa liko kwenye saa. Ukishuka Kihonda bado kuna kuhesabiana, kutafuta chai na kumsubiri aliyepotelea chooni. Kisha barabara ya Iringa, nyuma ya malori yanayokwenda Tunduma. Kundi likifika getini, jua limeshapanda. Saa hizo simba kalala chini ya kichaka na tembo wamejitafutia kivuli. Uwanda wa Mkata, ndani ya hifadhi, una uhai alfajiri na magharibi, na ratiba hii inazikosa zote mbili. Saa tisa alasiri, joto linapoanza kulegea na wanyama kutoka, dereva ameshaanza kutazama saa yake, maana treni haimsubiri mtu. Mgeni amelipia hifadhi ya kilomita za mraba 3,230, akaonyeshwa saa zake mbovu kuliko zote, akarudishwa Dar akiamini kwamba Mikumi haina kitu.

Hata yule asiyeijali Morogoro hata kidogo alipaswa kuliona hilo. Mlaze mgeni Moro usiku mmoja, mwamshe kabla ya adhana ya alfajiri, awe getini linapofunguliwa. Jioni ya kufika mpandishe Morningside autazame mji kutoka milima ya Uluguru. Ni safari ileile na gari lilelile, ila sasa kuna chumba kimeuzwa, chakula cha jioni kimeuzwa, na simba ameonekana.

Nimelalamika hivi tangu enzi za stendi ya Msamvu: basi linasimama, abiria ananunua machungwa dirishani, anaondoka bila kuukanyaga mji. Treni ilikuwa nafasi ya kuuvunja mtindo huo, nasi tumeuhamishia Kihonda. Na bado tunashangilia hesabu za wageni. Ni kweli, watalii wa kimataifa nchini walishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020, kisha wakafika 1,808,205 mwaka 2023. Hesabu hizo hazisemi nani alilala wapi, na mwenye gesti anaishi kwa usiku uliolaliwa.

Hapa ndipo Moro inapotofautiana na miji mingine ya watalii. Vitanda vyake vingi vinafuata kalenda ya vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe. Tangu vyuo vilipofungwa kwa korona Machi 2020 hadi vilipofunguliwa 1 Juni, hosteli zilikaa kimya. Mwaka wa kawaida nao una kimya chake, kuanzia Agosti hadi wanafunzi wanaporudi Oktoba au Novemba. Miezi hiyohiyo ni ya kiangazi, nyasi za Mikumi zimekauka, maji yamebaki sehemu chache na wanyama wanaonekana kirahisi. Vyumba vitupu na msimu bora wa hifadhi vinakutana kila mwaka, na Mzumbe iko kwenye barabara hiyohiyo ya Mikumi! Mpanga safari aliyeiona ramani na kalenda kwa pamoja asingeandika "kurudi jioni".

Wazee wetu hawakuhitaji kufundishwa hili. Salum Abdallah na Cuban Marimba, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, walipiga dansi usiku, na mji wenye dansi la usiku unauza vyumba. Moro hiyo, mji kasoro bahari, haikuwa na treni ya mchongoko wala tiketi ya mtandaoni, lakini ilimpa mgeni sababu ya kutopanda treni ya jioni.

Mawakala waanze na Agosti hii. Ijumaa mchana treni, usiku Moro, Jumamosi alfajiri Mkata, Jumamosi jioni nyumbani. Wenye hosteli nao watandike mashuka, waweke chandarua na maji ya moto, wapange bei ya usiku mmoja badala ya kungoja kodi ya muhula.