Mapenzi ya Kale Ndiyo Mizani ya Mtafsiri

Kwenye mabanda ya video ya Tanzania, kuanzia Kariakoo hadi Kigoma na Ujiji, kuna fundi ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya waliotengeneza picha, ilhali bila yeye watazamaji wengi wangekuwa wanaangalia midomo ikichezacheza tu. Ni mtafsiri, yule anayekaa na maikrofoni mbele ya deki na kuigiza sauti zote peke yake: ya mzee, ya binti, ya adui na ya stelingi. Akisifiwa, mara nyingi husifiwa kwa picha za mapigano. Naona hapo anapunjwa, kwa sababu picha ya ngumi hujitafsiri yenyewe. Adui anaua baba, mtoto anakua, anafunzwa kupigana, analipa kisasi. Hata asiyejua neno moja la Kihindi atatoka bandani na kuisimulia sawasawa. Picha inayompima fundi huyu ni ile ya mapenzi ya kale, ya enzi za wafalme na mahekalu, ambamo binti akiinamisha macho huenda ndiyo ahadi imevunjwa, na pazia likifungwa huenda ndiyo cheo kimepotea. Mwenye kuimudu hiyo, mengine yote ni mteremko.

Tuichukue Amrapali, picha ya mwaka 1966 iliyoongozwa na Lekh Tandon. Kisa chake ni cha zama za Buddha, zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Ajatashatru, mfalme wa Magadha, anayeigizwa na Sunil Dutt, ana uchu wa kuuteka mji wa Vaishali. Anaushambulia, anashindwa, anajeruhiwa, anajisitiri ndani ya mavazi ya askari wa upande wa pili. Amrapali, anayeigizwa na Vyjayanthimala, anamuuguza akidhani ni askari wa kwao, na mapenzi yanaanzia kwenye kosa hilo. Baadaye anatawazwa kuwa mchezaji mkuu wa Vaishali, cheo kinachompa heshima ya mji mzima na kumnyima haki ya kuwa mke wa mtu mmoja. Hata mavazi yanasema: Bhanu Athaiya, ambaye baadaye alipata Oscar kwa kazi yake kwenye Gandhi, aliyabuni kwa kuchunguza michoro ya kale ya mapango ya Ajanta. Mtazamaji wa India aliyelelewa kwa visa vya aina hii huingia ukumbini akiwa na nusu ya maelezo kichwani. Wa Ujiji huingia na macho yake tu. Nusu ile ya pili ndiyo mzigo wa mtafsiri.

Mzigo huo anaubeba katika nafasi finyu mno, yaani pumzi iliyopo kati ya sentensi moja ya mwigizaji na nyingine. Tazama pale majeruhi anapofungwa kidonda. Mtazamaji anahitaji kujua mambo matatu: kwamba huyu ndiye mfalme, kwamba binti hajui, na kwamba mji alioushambulia ndio mji wa binti huyo. Mtafsiri asiye na ujuzi huyamwaga yote kwa mkupuo, na taharuki inakufa hapohapo. Mwenye ujuzi huanza mapema. Mavazi yanapobadilishwa anatupia neno moja kuhusu sare ya adui, kisha anatulia. Binti anapouliza jina la mgeni, anaiacha kimya ile sekunde ya kusitasita, halafu anajibu kwa sauti ya mfalme iliyopungua ubabe. Watazamaji wanagundua wenyewe kwamba wanajua siri ambayo binti haijui. Wimbo ukianza, anafanya uamuzi mwingine. Nyimbo za picha hii ziliimbwa na Lata Mangeshkar, na kusema juu ya sauti ile ni utovu wa adabu. Lakini ala zinapotangulia kabla ya ubeti, hapo ana nafasi ya kusema kwa ufupi mwimbaji analalamikia nini. Hesabu hii ya lini useme na lini unyamaze ndiyo ufundi wenyewe, na huwezi kuufanya bila kuitazama picha mara kadhaa kabla ya kushika maikrofoni.

Mtu anaweza kudhani kwamba kazi hii ililetwa na kanda za video. Kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika ina asili ndefu zaidi. Februari 1858, wapelelezi Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Ujiji, walikuwa pamoja na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa na kupelekwa Bara Hindi, kisha akarejea Zanzibar akiwa mtu huru anayejua Kihindustani. Speke alikuwa afisa wa jeshi la Waingereza nchini India, na lugha waliyoelewana na Bombay ilikuwa hiyo ya Kihindustani. Kwa hiyo maneno ya Kihindi yalikuwa yakigeuzwa kuwa Kiswahili Ujiji zaidi ya karne moja kabla Amrapali haijapigwa. Bombay alirudi hapo mwaka 1871 katika msafara wa mpelelezi Stanley. Mkalimani wa msafara hakulipwa kwa kujua misamiati tu. Alitakiwa ajue amri ya mzungu ikigeuzwa neno kwa neno itawafanya wapagazi watupe mizigo, na ombi la mwenyeji lisipopewa uzito wake litaleta ugomvi. Alipima wasikilizaji kabla ya kufungua kinywa, na mtafsiri wa picha anafanya vivyo hivyo. Anajua kwamba katika nchi ya Waha, wenyeji wa Kigoma, ambako Mwami Theresa Ntare alitawala Heru katika karne ya 20, hakuna haja ya kueleza heshima ya mtawala ni nini. Anachotakiwa kueleza ni kwa nini mtawala huyu wa Magadha anajificha.

Wala si Afrika Mashariki peke yake iliyoona kwamba picha inahitaji msimulizi. Japani, zama za sinema bubu, ilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, na majina yao yalivuta watu kama ya waigizaji. Kwetu, mradi wa kikoloni wa filamu za elimu uliofanya kazi Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, ulizungusha picha vijijini zikiambatana na maelezo kwa lugha za Kiafrika, lakini msemaji wake alikuwepo ili kufundisha na kuonya. Waliokuja kuigeuza sauti hiyo kuwa burudani ni watu kama Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, mwanajeshi ambaye tafsiri zake zilisambaa nchini kwa kanda. Kenya wanamjua DJ Afro. Uganda wana watafsiri wao kwa Kiganda. Kazi inayozuka sehemu nyingi kiasi hicho, bila chuo wala ruzuku, haiwezi kuwa uhuni wa mabandani. Kuna hitaji inalolijibu.

Wapo wanaopinga, na hoja zao hazipaswi kupuuzwa. Ya kwanza ni kwamba mtafsiri huongeza chumvi: anatia mzaha ambao mwandishi hakuuandika, anawapa wahusika majina ya mtaani, anaitaja Kariakoo katikati ya India. Ni kweli, na wapo waliojaa porojo kiasi kwamba picha inabaki kisingizio tu. Lakini kosa la fundi mbaya halifuti fani. Kila nyongeza ina swali lake la kuulizwa: je, inampa mtazamaji kitu ambacho mtazamaji wa kwanza wa picha hiyo alikuwa nacho tayari? Kikiwa ni hicho, mtafsiri hajaongeza. Amerudisha kilichodondoka njiani. Ikiwa mzaha umeziba kimya kilichokusudiwa, basi ameharibu. Mwisho wa Amrapali ni mtihani wa swali hilo. Mfalme anaiteketeza Vaishali kwa ajili ya mapenzi, na Amrapali anaonyeshwa uwanja wa vita uliojaa maiti kabla hajakata tamaa ya dunia na kumwendea Buddha. Mkoa wa Kigoma unajua mambo hayo bila kusimuliwa. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka ziwa wakikimbia vita, na Mei 2015 meli ya MV Liemba ilikuwa ikiwabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga. Mtafsiri anayeendelea kupiga domo kwenye uwanja ule wa maiti hajui yuko mbele ya nani. Anayenyamaza ametafsiri.

Hoja ya pili inasema wakati wake umepita, kwa kuwa sasa kuna tamthilia zinazoingizwa sauti za Kiswahili studio. Tangu TBC ilipoonyesha tamthilia ya China, Doudou na Mama Wakwe Zake, mwaka 2011, njia hiyo imestawi, nami naiheshimu. Ila ina gharama yake: inamfuta mwigizaji kwa sauti na kumbakiza kwa sura. Kwa mtafsiri, Vyjayanthimala anaendelea kulia kwa sauti yake mwenyewe huku Kiswahili kikitembea kando, na sikio linapata vyote viwili. Maandishi ya chini ya picha nayo humlazimisha mtu kusoma mbio, jicho likose mavazi na mikono inayocheza. Hoja ya tatu, ya hakimiliki, ndiyo nzito zaidi. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na kunakili kazi ya mtu na kuiuza bila ruhusa ni wizi, hata ikisimuliwa vizuri namna gani. Lakini hapo lawama ni ya leseni. Kinanda kilichoibwa hakimfanyi mpigaji asiwe mwanamuziki. Kinachotakiwa ni kinanda kilipiwe.

Ndiyo maana dawa si kufunga mabanda na kusubiri mtafsiri afe na fani yake. Vituo vya televisheni na wasambazaji wenye leseni wana picha nyingi za kale za Kihindi zinazoonyeshwa kwa maandishi ya Kiingereza ambayo wengi hawayafuati. Wamkabidhi mtafsiri mmoja mzoefu picha mojawapo, wamlipe, na wampe muda wa kuitazama hadi aijue. Jina lake liandikwe mwanzoni, karibu na la mwongozaji. Na vyuo vyetu vinavyofundisha fasihi simulizi viziweke kanda za akina Lufufu kwenye maktaba zao, wanafunzi wazisikilize kwa kalamu mkononi. Watakuta humo somo ambalo vitabu vya tafsiri hulitaja kwa shida: namna ya kumfikisha msikilizaji kwenye enzi nyingine bila kumtoa kwenye kiti chake, na bila kumwibia mwigizaji hata pumzi moja iliyokuwa yake.