Jengo Linalojua Upepo Wake

Nchelenge, nchini Zambia, iko upande wa mashariki wa Ziwa Mweru, na hapo ndipo msanifu majengo anapoanza kukuna kichwa. Kila kizuri kiko magharibi: maji, mitumbwi, miteremko ya upande wa Kongo. Upepo wa ziwani, unaoamka mchana nchi kavu ikishapata moto, nao unatoka huko huko. Lakini jua kali la saa tisa na saa kumi alasiri nalo liko huko. Ukifungua ukuta upate hewa, umelikaribisha jua darasani. Ukiuziba, wanafunzi wanaoka.

Tuseme chuo cha biashara kinachokua kinataka jengo jipya hapo. Mteja mwenye haraka atasema kiwekwe kiyoyozi, basi. Lakini Zambia hutegemea maji kwa sehemu kubwa ya umeme wake, na ukame wa 2024 ulipopunguza maji ya Bwawa la Kariba, mgawo wa umeme uliwaacha watu gizani kwa saa nyingi kila siku. Darasa lisilokalika bila kiyoyozi lingefungwa siku hizo. Itakuwa ajabu chuo kifundishe kupunguza gharama ndani ya jengo linalokula fedha kila mwezi.

Usanifu bora huanza kabla ya kununua kitu chochote. Nchelenge iko zaidi kidogo ya nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Juni jua la adhuhuri huinamia kaskazini, Desemba huinamia kusini, na katikati ya Oktoba, joto likiwa limepamba moto, hupita karibu kabisa utosini. Kuta za kaskazini na kusini, kwa hiyo, hazina taabu. Upenu mpana unatosha kuzikinga. Adui mkubwa ni paa, na wa pili ni ukuta wa magharibi.

Fundi aliyebobea hutambulika pia kwa anachokataa kuiga. Strathmore Business School ya Nairobi, iliyoanzishwa 2005, ina jengo linalopozwa kwa hewa iliyopitishwa kwenye maji, na mwaka 2014 chuo kikuu chake kikawasha paneli za sola za kilowati 600 juu ya mapaa. Sola inafaa popote penye jua. Ule upozaji, hata hivyo, unahitaji hewa kavu. Ufukweni mwa Mweru, wakati wa masika, hewa imeshiba unyevu na haina pa kuweka mwingine. Jengo la Eastgate la Harare, kazi ya Mick Pearce iliyokamilika 1996, huvuta baridi ya usiku na kuihifadhi ndani ya zege zito. Harare iko juu sana na usiku wake una ubaridi. Nchelenge, kwenye kimo cha takriban mita 900 na kitu, ziwa lenyewe huzuia usiku usipoe sana, kwa hiyo zege zito lingeambulia kidogo.

Ndugu wa karibu zaidi wa jengo la Nchelenge yuko ufukweni mwa Ziwa Turkana nchini Kenya. Huko Francis Kéré, mzaliwa wa Gando, Burkina Faso, alisanifu Startup Lions, kituo kilichokamilika 2021 ambapo vijana hujifunza kazi za kompyuta na ujasiriamali. Minara yake mirefu, iliyochukua wazo kutoka kwenye vichuguu vya mchwa, hutoa hewa ya moto juu, huku hewa safi ikiingia chini kupitia matundu. Hakuna mashine inayozunguka. Mawe yalichimbwa hapo hapo. Ukiutazama mchoro wake unaona akili iliyokaa na mahali hadi ikapaelewa.

Nchelenge ingedai kitu cha jamii hiyo: jengo refu jembamba, ncha moja ikielekea ziwani, magharibi baraza pana na ukuta wa matofali ya matundu, upepo upite na jua libaki nje, miembe mbele yake. Paa liwe la tabaka mbili, bati juu na dari nene chini, na kati yake pengo la hewa. Dari hiyo inazuia joto la Oktoba, na mvua za Januari zikianza kupiga bati, mhadhiri bado atasikika. (Aliyewahi kufundisha chini ya bati tupu hahitaji maelezo.)

Matofali ni suala gumu zaidi. Ya kuchoma yanapendwa na wengi, lakini tanuri hula magogo, na mkoa wa Luapula, ilipo Nchelenge, hauna miti ya kuchezea. Matofali ya udongo uliochanganywa saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono hayahitaji moto. Yanahitaji msingi mzuri, upenu na msimamizi asiyekubali udongo usiopimwa.

Halafu kuna kukua kwenyewe. Wengi hujenga ukumbi mkubwa siku ya kwanza, nusu yake ikae tupu miaka kumi. Msanifu mwerevu huanza na madarasa manne, lakini huchora hata yale ya kesho: mabomba ya maji na nyaya hufikishwa mwisho wa jengo, na ukuta wa mashariki huachwa matofali yakiwa yamechomoza moja baada ya moja, tayari kwa fundi wa chumba cha tano kuunganishia.