Kumnung'unikia Mungu Kando ya Kitanda cha Mgonjwa

Kuna kitabu kidogo kilichotoka Uingereza mwaka 1961, nacho chataja jambo ambalo Wakristu wengi hulificha, yaani kumkasirikia Mungu wakati mtu tunayempenda anapougua na kufa. Jina lake kwa Kiingereza ni A Grief Observed, ndiyo kusema Huzuni Iliyochunguzwa. Mwandishi ni C. S. Lewis, mwalimu wa chuo kikuu, Mkristu wa Kianglikana. Wakati ule hakutia jina lake, alijiita N. W. Clerk.

Sababu ya kitabu ni hii. Mwaka 1956 mke wake, Joy Davidman, Mmarekani, alionekana ana kansa. Mwezi wa Machi 1957 padri wa Kianglikana aliwabariki ndoa kando ya kitanda cha hospitali. Halafu mgonjwa akapata nafuu, akatembea tena. Lakini ugonjwa ukarudi, naye akafa tarehe 13 Julai 1960, mwenye miaka 45.

Mume akashika madaftari, akaandika. Asema kwamba alipobisha kwa Mungu alikuta mlango umefungwa. Akumbuka siku za ugonjwa, jinsi walivyosali, jinsi picha za waganga zilivyowatia matumaini ya bure, na ile nafuu iliyopita upesi. Auliza kama Mungu hakuwa akiwachezea tu. Na mtu huyu ndiye aliyeandika mwaka 1940 kitabu kizima cha kueleza kwa nini Mungu aruhusu mateso! Mafundisho yale hayakuwa ya uwongo. Lakini kueleza moto ni kazi moja, na kuungua ni nyingine.

Twakisifu kitabu hiki kwa sababu hakidanganyi. Mwandishi hakuogopa sana kwamba Mungu hayuko. Aliogopa kwamba Mungu yuko, lakini si mwema. Wangapi wamekaa usiku karibu na mtoto mwenye homa wakiwa na wazo hilo moyoni, wasithubutu kulitamka? Tena mwandishi hakukaa palepale. Alirudi akasoma maneno yake, akaona kwamba mengine yalikuwa kilio cha maumivu kuliko mawazo ya kweli. Akafikiri labda makelele yake mwenyewe ndiyo yaliyomziba masikio.

Lakini tuna neno la kukilaumu pia. Katika kurasa nyingi Lewis amsema Mungu kama mtu anavyomsema jirani asiyekuwapo. Yobu hakufanya hivyo. Yobu alimgeukia Mungu mwenyewe, akamlalamikia uso kwa uso. Rafiki zake walimtetea Mungu kwa maneno mazuri. Na mwisho wa kitabu Mungu awakasirikia wao, asema hawakunena sawa kama mtumishi wake Yobu. Vilevile Marta na Maria: walimpelekea Yezu habari kwamba Lazaro mgonjwa, naye akakawia siku mbili. Alipofika, kila mmoja alimwambia kwamba kama angalikuwapo, ndugu yao asingalikufa. Ni lawama kabisa. Yezu hakuwagombeza, alilia machozi. Basi, kumsema Mungu nyuma yake ni manung'uniko, lakini kumwambia yeye mwenyewe yaliyo moyoni, hata kwa ukali, ni sala.

Jambo la pili: kitabu kile ni cha mtu aliye peke yake chumbani. Kwetu mgonjwa ana watu. Ndugu walala juu ya mkeka, dada apika uji, majirani waja kusalimu. Ni neema kubwa. Lakini penye watu wengi pana hatari nyingine ambayo Lewis hakuhitaji kuiandika. Mama akilia, "Mungu, kwa nini?", watu humnyamazisha: "Usikufuru! Ni mapenzi ya Mungu." Naye anyamaza. Lakini hasira haikufa; imekatazwa njia ya kwenda kwa Mungu, basi yatafuta mtu. Kesho utasikia wakiulizana, "Nani amemroga?" Na mwenye kuonyeshwa kidole mara nyingi ni bibi kizee asiye na wa kumtetea. Hivyo jamaa wavunjika kabla ya kuzika.

Kwa hiyo, ninyi mnaokwenda kuwatazama wagonjwa, msiwe na haraka ya kumtetea Mungu. Yeye hakuwashukuru rafiki za Yobu. Mkae, mteke maji, mfue nguo, mwite padri kwa Mpako. Na mlezi wa mgonjwa akiwa na uchungu, msomeeni Zaburi ya 88. Zaburi ile haina mwisho mzuri, yaishia gizani. Hata hivyo Eklezya yaiweka katika sala ya usiku wa Ijumaa, wala haikuikata hata neno moja la kulalamika. Mwenye kulia namna ile bado aongea na Baba yake, na aongeaye na Baba hajaondoka nyumbani.