Risasi ya Saba Ilikwama Kiwandani

Bunduki inayokwama ovyo ina sababu mia. Inayokwama kwenye risasi ileile kila mara ina sababu moja, nayo imo ndani ya chuma chenyewe. Ugonjwa wa risasi ya saba, uliozuka kwenye M1 Garand, bunduki ya jeshi la Marekani, mwaka 1939, ulikuwa wa aina hii ya pili. Aliyeuleta hakuwa askari wala mtengeneza risasi, bali mtu wa karakana aliyetaka kurahisisha kazi.

Waliotazama Saving Private Ryan wanaujua ule mlio wa klipu ikiruka nje baada ya risasi ya nane. Bunduki zilizougua hazikufika huko. Risasi sita zilitoka safi, kisha ya saba ikanyanyuka vibaya, kichwa hakielekei chemba, na boliti ikarudi ikaibana badala ya kuisukuma ndani. Fundi yeyote anayejua kusaka ubovu angeanza na hesabu hiyo. Uchafu hauhesabu. Risasi mbovu haichagui zamu. Springi ingeweza kushukiwa, kwa kuwa nguvu yake hupungua kadiri risasi zinavyokwisha, ila springi huchoka kwa matumizi, na hizi zilikuwa bunduki mpya.

Kilichobaki ni umbo.

Hapo ndipo penye uamuzi wenyewe, na ulikuwa uamuzi mbaya. Mwaka 1934 kiwanda cha jeshi cha Springfield Armory kilitengeneza bunduki 80 za majaribio kwa ajili ya askari wa miguu na wa farasi. Zilichongwa na mafundi wa karakana ya mifano, watu wa kupima mara tatu kabla ya kukata. Ndani ya mwili wa bunduki walikuwa wameacha mbavu za kuiongoza klipu. Bunduki ilipokubaliwa rasmi mwaka 1936 na mitambo ikaandaliwa kwa uzalishaji mkubwa, sehemu ya chuma hicho ilionekana kama kero: kisu cha mashine kingepita kirahisi zaidi kama isingekuwapo. Basi ikaondolewa. Kwenye mchoro, badiliko hilo ni dogo kiasi kwamba mkaguzi mwenye haraka angelipitia bila kuinua kalamu.

Lakini Garand si bunduki ya kuchezewa hapo. Magazini yake haina midomo yake yenyewe ya kushikia risasi. Kazi hiyo inafanywa na klipu, inayoingia pamoja na risasi zake nane kutokea juu. Isitoshe, springi moja inayorudisha fimbo ya boliti ndiyo hiyohiyo inayosukuma risasi juu. Katika mpango uliobanwa namna hiyo, klipu ikikosa egemeo itacheza, na risasi itatoka na pembe isiyo yake. Ikiwa imejaa, risasi zenyewe zinaikaza. Zikibaki mbili tu, kila upungufu wa chuma unajitokeza. Aliyeufuta ubavu ule aliona pingamizi la kisu chake. Hakuuliza kwa nini fundi wa mwanzo aliuacha.

Safu hii imepiga kelele kuhusu jambo hili mara nyingi na haitachoka: badiliko la kiwandani lisilojaribiwa upya ni bunduki nyingine yenye jina la zamani. Jeshi hilohilo la Marekani lilirudia kosa mwaka 1964, lilipobadilisha baruti ya risasi za M16. Baruti mpya iliongeza kasi ya ufyatuaji na kuacha masizi mengi zaidi. Bunduki zikagoma Vietnam, askari wakaambiwa hawasafishi silaha zao, na kufikia 1967 kamati ya Bunge ilikuwa ikiuliza maswali yaliyopaswa kuulizwa kabla ya risasi ya kwanza kusafirishwa. Wa kwanza kulaumiwa siku zote ni mwenye kidole kwenye kifyatulio.

Wazee hawakuwa hivi. Mauser ya 1898 ina ukucha mrefu unaodaka kitako cha risasi mara tu kinapotoka kwenye magazini na kuishika hadi chemba, hata bunduki ikiwa imeelekezwa chini. Lee-Enfield, waliyoibeba askari wa King's African Rifles hadi Burma, ina kasoro yake: ukingo wa risasi ya juu ukikaa nyuma ya ukingo wa ile ya chini, mkwamo umefika. Ila kasoro hiyo kila kuruta alifundishwa, na tiba ilikuwa mikononi mwake, kwenye kupanga risasi. Mwenye Garand ya 1939 hakuwa na la kufanya ila kuvuta boliti na kuanza upya.

Tiba ya Garand ilipopatikana ilikuwa ya kawaida kabisa: miili iliyokwisha kuchongwa ikachomelewa chuma kwenye mbavu, na mipya ikachongwa inavyopaswa. Si kila badiliko la Garand lilikuwa baya: lile la mfumo wa gesi mwaka 1940, kutoboa tundu kwenye mtutu badala ya kuudaka moshi mdomoni, lilikuwa kazi nzuri. Baada ya hapo zilitengenezwa zaidi ya milioni tano, na kikosi cha Kagnew cha Ethiopia kilizibeba Korea.

Hata hivyo aibu ile iliwapa wapinzani mdomo. Melvin Johnson, wakili na kapteni wa akiba wa Marine, alikuwa na bunduki yake yenye magazini ya kuzunguka ya risasi kumi, inayoweza kuongezwa risasi kabla haijaisha, na midomo ya kulishia imechongwa kwenye mwili wa bunduki wenyewe. Marine waliipambanisha na Garand huko San Diego mwaka 1940, wakaichagua Garand. Kwa uimara wa jumla hawakukosea. Kwa ulishaji pekee, Johnson alikuwa ameliona tatizo mahali ambapo watu wa Springfield walikuwa wakilikata kwa mashine.