Kuangalia Bila Kugusa

Mgeni akikuta kompyuta tatu za mtumba zinavuma chumba cha nyuma huko Kiseke, Mwanza, hakuna anayeandika, hakuna anayetazama filamu, swali lake huwa moja: zinaingiza shilingi ngapi? Haziingizi kitu. Zinapokea vipande vya hesabu kutoka kwa watafiti wa mbali, zinavikokotoa usiku na mchana, kisha zinarudisha majibu. Ninayetaka kumsifu hapa ni msimamizi wake, yule anayejua kila mashine imefika wapi bila kuinuka kwenye kiti, na ambaye siku nyingi ustadi wake ni kutofanya lolote.

Mei 1999, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilianza kuwaomba watu wa kawaida wasaidie kuchambua mawimbi ya redio kutoka angani kwa mradi wa SETI@home. Humo ndimo ilimozaliwa BOINC ya David Anderson na wenzake, programu ambayo mradi wowote wa sayansi unaweza kuitumia kugawa kazi. Mwaka 2006 ukaja unaotuhusu, MalariaControl.net, wa taasisi ya magonjwa ya tropiki iliyoko Basel, Uswisi. Hadi ulipofungwa 2016, kompyuta za majumbani zilijenga vijiji vya kubuni, zikavijaza watu, zikawapa hawa chandarua na wale dawa, zikahesabu vimelea vikipanda na kushuka. Miongoni mwa takwimu zilizolisha hesabu hizo zilikuwamo za Namawala, bonde la Kilombero. Hapa jirani yetu Misungwi, watafiti wa taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, NIMR, na wenzao waligawa aina nne za vyandarua na kufuatilia watoto kwa miaka miwili, ndipo matokeo yakachapishwa 2022. Jaribio la namna hiyo hulifanyi kila unapopata swali. Kijiji cha kubuni unaweza kukirudia mara elfu kabla ya kugawa chandarua kimoja.

Mradi unaonivutia zaidi, hata hivyo, ni wa mvua. Oktoba 2019 World Community Grid, mtandao wa kompyuta za kujitolea ambao wakati huo uliendeshwa na IBM, ulianza kugawa kazi za Africa Rainfall Project ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi. Afrika kusini mwa Sahara ilikatwa miraba yenye upande wa kilomita 52 hivi. Kila kipande cha kazi kilikuwa mraba mmoja kwa saa 48 za hali ya hewa, na matokeo yake ndiyo yaliyokuwa mwanzo wa kipande kinachofuata. Sasa fikiria ziwa letu, Victoria, ambako ngurumo hupenda usiku na alfajiri ilhali nchi kavu hupiga alasiri. Mraba mmoja unatosha kumeza Ilemela yote na maji mengi kuelekea Ukerewe. Kompyuta iliyopewa mraba kama huo ikilala na kazi, mraba mzima unabaki Jumanne wakati majirani zake wamekwisha kufika Ijumaa.

Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuangalia. Dirisha la BOINC lenyewe huonyesha mashine moja kwa wakati. Mwenye mashine kadhaa hutafuta programu kama BoincTasks, inayoziweka zote kwenye jedwali moja: kazi gani, iko mashine ipi, asilimia ngapi, imebaki muda gani, siku ya mwisho lini. Mwenye mitumbwi ya dagaa pale Igombe angelielewa jedwali hilo upesi: usiku wa giza hamsikii mvuvi wake hata mmoja, ila anaona taa majini, na taa iliyozimika kabla ya wakati inamwambia jambo.

Kulisoma ndiko kwenye utamu. Anayeanza hutazama asilimia, maana ndiyo inayosogea. Mzoefu hutazama safu mbili za muda: muda uliopita tangu kazi ianze, na muda ambao prosesa imeitumikia kweli. Zikikaribiana, salama. Kazi ikiwa na saa sita za ukutani na mbili tu za prosesa, kuna kinachopora: mtoto kafungua mchezo, au programu ya kuzuia virusi inakagua diski. Joto likipanda wiki hadi wiki na kazi ni zilezile, ni vumbi kwenye feni, na dawa yake ni brashi ya rangi.

Halafu kuna swali la kila anayeishi na umeme wa kukatikakatika: kazi ilijihifadhi lini mara ya mwisho? Zile za mvua zilijihifadhi kila baada ya saa sita za hali ya hewa, yaani hatua nane tu hadi mwisho. Kwenye prosesa ya zamani hatua moja hula saa nyingi, na umeme ukikatika dakika moja kabla ya kufika, yote tangu hatua iliyotangulia hurudiwa. Msimamizi mwenye laptop yenye betri nzima huipa laptop kazi za hatua ndefu, akikumbuka kuiruhusu BOINC iendelee kwenye betri, maana yenyewe kwa kawaida husimama.

Lakini jedwali hilohilo lina kishawishi. Vitufe vya kusimamisha na kufuta viko karibu, na mtu aliyekaa mbele ya skrini huona aibu kukaa tu. Ataisimamisha kazi hii ili ile iwahi, atajaza foleni ya siku kumi kwa hofu ya bando kuisha, kisha ashangae siku ya mwisho imepita. BOINC hujipangia ratiba, na mara nyingi huipanga vizuri kuliko sisi. Kazi inayokaribia kuchelewa huitanguliza yenyewe. Foleni ya siku moja au mbili inatosha kuvuka siku mbaya ya intaneti. Zaidi ya hapo ni uchoyo: umeshikilia kazi ambayo mtu wa Nakuru au Lyon angekwisha kuirudisha.

Jedwali lenyewe huwasiliana na kila mashine kupitia mlango namba 31416 (anayekumbuka hesabu za duara atatabasamu). Nenosiri hukaa kwenye faili la gui_rpc_auth.cfg, na wanaoruhusiwa huorodheshwa kwenye remote_hosts.cfg. Andika humo anwani ya kompyuta yako moja, uishie hapo. Wapo wanaoufungua mlango huo hadi nje ya ruta ili wachungulie kwa simu wakiwa mjini. Siwaelewi.

Gharama nayo isifichwe. Mashine inayokula wati 65 mfululizo humaliza yuniti moja na nusu na ushee kwa siku, na mita ya LUKU haijui sayansi. Yuniti zikipungua, msimamizi mzuri hakimbilii swichi. Huziagiza mashine zisipokee kazi mpya, huziacha zimalize zilizo nazo na kurudisha majibu, ndipo azime. Malipo yake ni pointi, ziitwazo cobblestone kwa jina la Jeff Cobb wa SETI@home, na hazinunui hata fungu la dagaa pale Mwaloni Kirumba. Katika miradi mingi hata hizo huzipati mpaka jibu lako lilingane na la kompyuta nyingine iliyopewa kazi ileile, ambayo mmiliki wake humjui. Akichelewa yeye, pointi zako hukaa zikisubiri, hata kama wewe ulirudisha siku ya kwanza.