Tone Limechukua Kazi ya Mhuri: Uchapaji wa Thika na Ruiru Unavyohamia Viwandani

Pakiti yoyote ya maziwa iliyofungwa Ruiru ina maandishi ya aina mbili. Jina la kampuni, rangi, picha na orodha ya viambato vilichapwa mapema, katika kiwanda kingine kabisa, juu ya roli la plastiki. Tarehe ya mwisho ya kutumiwa na nambari ya bechi zilichapwa palepale kwenye laini, pakiti ikiwa inafungwa. Maandishi ya kwanza yanafanana kwenye pakiti milioni. Ya pili hubadilika kila siku, na kwingine kila dakika. Anayetaka kujua teknolojia ya uchapaji inaelekea wapi ayatazame hayo ya pili, yale madogo ya nukta nukta ambayo wengi wetu huyasoma tu tukishuku maziwa yamelala.

Kaunti ya Kiambu ni mahali pazuri pa kufuatilia jambo hili. Ruiru kuna Brookside, iliyoanza mwaka 1993. Thika kuna mananasi ya mkebe ya Del Monte, mafuta ya Bidco, unga wa Soko wa Capwell, mkate wa Broadways na wa Kenblest. Na nje ya mageti ya viwanda hivyo, kando ya barabara zilezile, zimejaa saiba, ofisi za mawakili na za wahasibu. Uchapaji uko pande zote mbili za ukuta, lakini mwelekeo si mmoja. Ofisini karatasi inapoteza kazi. Kiwandani kila chupa na kila pakiti inadai maandishi yake yenyewe.

Tuanze ofisini, maana huko mabadiliko yanaonekana kwa macho.

HP ilipotoa LaserJet ya kwanza mwaka 1984, bei yake ilikuwa dola 3,495 za Marekani na kasi yake kurasa 8 kwa dakika. Mpaka leo leza hufanya kazi kwa kanuni ileile: mwanga huchora ukurasa kwa chaji za umeme juu ya ngoma, unga wa tona hunasa palipochorwa, kisha unga huhamia kwenye karatasi na kupita chini ya roli lenye joto la karibu nyuzi 200 ili uyeyuke na kushika. Joto hilo ndilo mzigo. Roli linapopashwa, hata printa ndogo huvuta mamia ya wati kwa mkupuo, na ndiyo sababu watengenezaji wa UPS huonya kwamba leza isichomekwe humo. Stima ikipotea, saiba yenye leza hungoja.

Printa ya tangi, yaani ile yenye tangi la wino linalojazwa kwa chupa, imeingia kupitia mwanya huo. Haina roli la joto. Kichwa chake kina vijiwe vya piezo vinavyojikunja vikipata umeme na kusukuma wino utoke matone matone, na mashine nzima hutumia wati zisizofika 20 ikichapa. Betri ya kawaida na inveta ndogo zinaibeba. Epson ilianza kuuza printa za namna hii Indonesia mwaka 2010, baada ya kuona mafundi wa huko wakitoboa katriji na kuziunganisha kwa mirija na chupa za wino za nje. Kwetu pia tumezijaza katriji kwa bomba la sindano miaka mingi. Kampuni ilikubali kile ambacho mafundi wa nchi zenye kipato kidogo walikuwa wameshakitatua.

Hesabu yake ni rahisi. Tona ya HP 85A, iliyozoeleka sana katika ofisi ndogo, imekadiriwa kutoa kurasa 1,600. Chupa moja ya wino mweusi wa Epson 103 imekadiriwa kurasa 4,500. Kwa saiba ya Ruiru inayochapa fomu za mikopo ya HELB, vyeti vya PIN na barua za udahili za KUCCPS tangu asubuhi hadi usiku, tangi limeshinda. Kwa ofisi inayochapa kurasa chache kwa wiki, nisingeshauri tangi: wino hukauka kwenye kichwa, na kukisafisha hunywa wino uleule uliokusudiwa kuokolewa. Leza inaweza kukaa likizo nzima na ikaamka bila shida. Hata hivyo, Epson yenyewe ilitangaza mwaka 2022 kwamba itaacha kuuza printa za leza kufikia 2026.

Lakini kubadilisha printa ni nusu tu ya habari ya ofisini. Nusu ya pili ni kwamba karatasi yenyewe imepoteza mamlaka. Tangu Machi 2024 mahakama zote nchini zimeingizwa katika mfumo wa kuwasilisha kesi kwa mtandao, zikiwemo za Thika. Jalada lililokuwa likichapwa nakala kadhaa sasa hupakiwa kama PDF. Upande wa kodi, mashine za ETR zilipoanza kutumika mwaka 2005, ushahidi wa mauzo ulikuwa ile karatasi laini inayotoka kwenye mashine. Karatasi hiyo haina wino. Imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi ikipata joto, na maandishi yake hufifia taratibu ikikaa karibu na dirisha au ndani ya gari. Sheria inataka kumbukumbu za kodi zihifadhiwe miaka 5, na kila mhasibu amewahi kufungua faili akakuta risiti nyeupe pe. Tangu Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato (KRA), haikubaliwi kupunguza kodi. Kilicho na nguvu sasa ni rekodi iliyofika KRA. Karatasi imebaki kuonyesha msimbo wa QR tu.

Sasa tuingie kiwandani, ambako nadhani ndiko kwenye uzito.

Zamani tarehe iliwekwa kwa mhuri wa mpira, kwa roli lenye herufi za kupachikwa, au kwa kugongwa juu ya kifuniko cha bati. Njia hizo zote hugusa bidhaa. Ili tarehe ibadilike, mtu asimamishe mashine na abadilishe herufi kwa mkono. Akisahau, shehena nzima hutoka na tarehe ya jana. Tena mhuri hautaki sehemu iliyopinda, wala hauwezi kufuata laini ya chupa zinazopita mamia kwa dakika.

Kilichoziondoa njia hizo ni printa ya wino usiokatika. Misingi yake ni ya zamani. Mwaka 1878 Lord Rayleigh alieleza kihesabu kwa nini uzi wa maji unaotoka bombani haukai uzi bali hukatika matone. Miaka ya 1960, Richard Sweet wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aligundua jinsi ya kuyatawala matone hayo. Pampu husukuma wino kupitia tundu lenye upana wa karibu unene wa unywele. Kijiwe cha piezo hutikisa wino makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, ili uzi ukatike kwa vipimo sawa. Pale pale tone linapokatika, elektrodi hulipatia chaji ya umeme, kubwa au ndogo, kulingana na mahali linapotakiwa kutua. Kisha matone hupita kati ya sahani mbili zenye volti maelfu kadhaa: lenye chaji nyingi hupinda sana, lenye chaji kidogo hupinda kidogo. Lisilo na chaji huenda moja kwa moja hadi kwenye mrija wa kulipokea, likarudi tangini.

Tazama ujanja ulivyo. Kichwa cha printa hakisogei hata kidogo. Kimo cha herufi kinatokana na kupinda kwa matone, upana wake unatokana na mwendo wa chupa yenyewe. Kihisio huona chupa imefika, kifaa cha kupima mwendo wa mkanda huieleza printa chupa inakwenda kasi gani, na herufi hujengwa safu kwa safu, nukta saba kwenda juu, bila kitu kugusa kitu. Kwa kuwa kila tone hupewa amri yake, chupa ya pili inaweza kuandikwa tofauti na ya kwanza. Saa ya mashine ikigeuka usiku wa manane, tarehe hugeuka nayo.

Wino wenyewe huchanganywa na kiyeyusho kikali kinachokauka kwa takribani sekunde moja, ndiyo maana hushika kwenye plastiki, bati na kioo. Kiyeyusho hichohicho huvukia kila mara wino unapozunguka, kwa hiyo mashine hupima uzito wa wino na kuongeza kiyeyusho yenyewe. Siku ya jua kali hunywa zaidi. Meneja anayepanga bajeti ya wino na kusahau kiyeyusho atashangazwa na bili.

Mazingira ya hapa huijaribu mashine hii kwa namna ambazo kitabu cha maelekezo hakizitilii mkazo. Kwenye unga, vumbi hutua juu ya elektrodi zenye unyevu wa wino na kutengeneza njia ya umeme. Volti hupotea, mashine hujizima, na laini husimama. Dawa yake ni hewa safi inayosukumwa ndani ya kichwa ili vumbi lisiingie. Kwenye maziwa na vinywaji baridi, adui ni maji: plastiki baridi hutoa jasho, wino ukatua juu ya jasho badala ya plastiki, na tarehe hufutika kwa kidole. Hapo huwekwa kisu cha hewa, yaani upepo mwembamba unaokausha sehemu ya kuandikia kabla haijafika kwenye printa.

Opereta mzuri utamjua mwanzoni mwa zamu. Huvaa glavu na miwani, hufungua kichwa, hukinyunyizia kiyeyusho huku kitambaa kikiwa chini, hukausha kabisa, kisha huinama kuangalia uzi wa wino unaingia katikati ya mrija wa kurudishia. Ukiwa umeegemea upande hata kidogo, hamwachii mwenzake kazi. Huosha tena. Baada ya hapo hupitisha kipande cha boksi na kusoma tarehe kwa sauti kabla ya kuruhusu laini iende. Dakika kumi za kazi hiyo huokoa saa nzima ya kusimama mchana.

Njia nyingine mbili za kuandika kwenye laini zinazidi kuenea. Kwenye plastiki nyororo, kichwa chenye vijipasha-joto vidogo huhamisha wino kutoka kwenye utepe; maandishi yake ni safi kiasi cha kubeba msimbo. Kwenye chupa na vizibo, leza huchoma au huondoa rangi ya juu. Haihitaji wino wala utepe, na alama yake haifutiki. Bei ya kuinunua ndiyo hukatisha tamaa, pamoja na haja ya mtambo wa kufyonza moshi.

Umuhimu wa haya yote unatokana na sheria na biashara kwa pamoja. Kiwango cha Afrika Mashariki cha lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, kinadai tarehe na utambulisho wa bechi. Stempu za ushuru za KRA, zilizoanza mwaka 2013 kwa tumbaku, mvinyo na pombe kali, zilifika kwenye maji ya chupa, juisi na soda Novemba 2019, na kila moja ina utambulisho wake ambao mteja anaweza kuuthibitisha kwa programu ya Soma Label. Kinachofuata ni kikubwa zaidi. Msimbopau unaoanza na 616, ambao shirika la GS1 limeipa Kenya, huitambulisha aina ya bidhaa tu. Ni uleule kwenye pakiti zote, ndiyo maana unaweza kuchapwa mapema. GS1 inataka maduka duniani yaweze kusoma misimbo ya pande mbili kwenye kaunta kufikia mwisho wa 2027. Msimbo huo unaweza kubeba tarehe na bechi pia, na tarehe haijulikani mpaka bidhaa ifungwe. Kwa hiyo utachapwa kwenye laini, na nukta saba za wino hazitautosha. Kiwanda cha Thika kinachonunua printa leo bila kuuliza kama itaweza kuchapa msimbo huo kinanunua mashine ya muda mfupi.

Wengine wakisikia uchapaji wa viwandani hufikiria uchapaji wa vitu, ule wa pande tatu. Upo, na Nairobi kuna kampuni ya AB3D, iliyoanza kwa kuunda printa hizo kutokana na taka za kielektroniki. Una nafasi katika vipuri vya plastiki vinavyochelewa kuagizwa. Lakini kwa sasa haujabadilisha laini ya uzalishaji kama tone la wino lilivyoibadilisha.

Kinachonisumbua ni mafunzo. Kijana akihitimu kompyuta anajua kufunga printa ya ofisi, kifaa ambacho kazi yake inapungua. Printa ya laini inadai umeme wa volti kubwa, mwendo wa vimiminika, kemia ya viyeyusho na mtandao wa kompyuta, vyote ndani ya kabati moja la chuma, na inapogoma mara nyingi fundi wa wakala hutoka Nairobi huku maziwa yakisubiri. Thika Technical iko mjini. JKUAT iko Juja, katikati ya Ruiru na Thika. Viwanda hubadilisha printa hizi zikichakaa na kuzitupa stoo au kuziuza kama vyuma. Nawaomba mameneja wazitoe kwa karakana za vyuo hivyo, pamoja na vitabu vyake vya maelekezo na opereta mmoja wa kwenda kufundisha siku moja kwa wiki. Na wakuu wa vyuo wasingoje kuletewa. Waandike barua waombe.